Tuwachagulie Watoto Vitabu Gani?

Naandika kutoka Kazimia, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, katika nchi ya Fizi. Leo sitawaeleza habari za mvua wala za uvuvi, bali habari za vitabu vya watoto. Labda wengine watasema: "Katekista huyu ameishiwa na maneno." Ngojeni kwanza, msome mpaka mwisho.

Katika shule yetu ya msingi tulipata chumba kidogo chenye kufuli, na kabati mbili za mbao alizotuchongea fundi mmoja Mkristo. Tulipata pia katoni tatu za vitabu, zawadi ya watu wema wa mbali. Baba Padri na mkuu wa shule wakaniita, wakaniambia: "Mwalimu, wewe umepita seminarini, umezoea vitabu. Utuchagulie. Vinavyofaa viwekwe kabatini, visivyofaa viwekwe kando. Tena wazazi wametoa fedha kidogo. Utuambie tununue nini." Nilikubali. Kazi hiyo ilichukua Kwaresima nzima, maana nilitaka kusoma kila kitabu mwenyewe kabla mtoto hajakigusa.

Siku ya mkutano wa wazazi mzee mmoja alisimama akauliza: "Watoto wetu wengine wanakaa juu ya matofali. Mvua ikinyesha, darasa la pili linafungwa. Na ninyi mwatafuta hadithi za sungura? Si afadhali fedha hizo zinunue mabati?" Swali lake ni la haki, wala haifai kumjibu kwa kumcheka.

Jibu langu ni hili. Hapa kwetu vijiji ni vingi na mapadri ni wachache. Dominika nyingi, katika vikanisa vya pwani na vya milimani, hakuna Misa. Wakristo hukusanyika, katekista huongoza sala, na mtu mmoja husoma Neno la Mungu. Basi nawauliza makatekista wenzangu: je, kumpata huyo mtu mmoja ni rahisi? Mimi nimemwona kijana mwenye nguvu, avutaye wavu usiku kucha bila kuchoka, akitetemeka mbele ya ukurasa mmoja wa Mtume Paulo. Alikuwa amemaliza miaka sita ya shule. Alisoma silabi kwa silabi, kama mtu avukaye mto kwa kuruka mawe, na alipofika mwisho wa sentensi alikuwa amesahau mwanzo wake. Wasikilizaji hawakupata kitu. Kijana huyo si mjinga. Alifundishwa herufi ubaoni, akazijua. Lakini katika miaka ile sita hakupata hata kitabu kimoja alichotamani kukimaliza. Kusoma ni kama kupiga kasia: hakuna ajuaye kwa kuelezwa tu.

Tena si kanisani tu. Asomaye kwa shida huweka kidole gumba kwenye karatasi ya deni asiyoielewa. Mama asiyeweza kusoma maandishi ya chupa ya dawa hukisia, na mtoto ndiye aumiaye. Mwaka 2019 serikali ya nchi yetu ilianza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo, na madarasa yakajaa. Ni jambo jema sana. Lakini mtoto aliye katikati ya umati, mwenye ubao tu mbele yake, atatoka shuleni kama kijana yule. Basi nilimwambia mzee: "Baba, mabati tutayatafuta pamoja. Lakini tusiwajengee watoto nyumba ya kusomea pasipo kitu cha kusoma." Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Haya, lakini vitabu hivyo visiwe vya kukaa kabatini." Neno hilo nimelishika mpaka leo.

Sasa swali la kwanza: vitabu vya lugha gani? Vile vya katoni karibu vyote vilikuwa vya Kifaransa. Wazazi wengine walifurahi, wakisema Kifaransa ndicho lugha ya kazi na ya serikali. Ni kweli, na siku moja mtoto atakihitaji. Lakini litazameni neno oiseau, ambalo maana yake ni ndege. Lina herufi sita, wala hakuna hata moja itamkwayo kama mtoto alivyofundishwa. Ukilisikia, lasikika karibu kama neno letu "wazo". Lakini neno "ndege" mtoto hulitamka kama lilivyoandikwa. Akishazijua silabi, mlango wa Kiswahili umefunguka mbele yake. Mtoto wetu husema Kibembe nyumbani, na Kiswahili sokoni, mwaloni na kanisani. Kifaransa hukutana nacho darasani tu. Ukimpa kitabu cha kwanza cha Kifaransa, wamtwika mizigo miwili kwa mara moja: kujifunza kusoma, na kujifunza lugha. Hata sheria ya elimu ya nchi yetu, ya tarehe 11 Februari 2014, yataka lugha za taifa au lugha za mahali zitumike katika kufundisha. Kwa hiyo tulikubaliana hivi: kabati ya madarasa ya chini iwe ya Kiswahili, kabati ya madarasa ya juu iwe ya Kiswahili na Kifaransa, nusu kwa nusu.

Vitabu vya Kiswahili twavipata ng'ambo ya ziwa. Ndugu zetu wengi walikimbia vita tangu mwaka 1996, wakavuka mpaka Kigoma, wakakaa katika makambi ya Nyarugusu na Lugufu. Waliporudi, wengine walikuja na Kiswahili cha Tanzania vinywani mwao na vitabu katika mizigo yao. Lakini hapo pana jambo la kuangalia. Kitabu cha Tanzania husema dagaa, sisi twasema ndagala. Husema daftari, sisi twasema kaye. Mwalimu mmoja aliogopa kwamba maneno hayo yatawachanganya watoto. Basi niliwasomea hadithi moja watoto wa darasa la tatu. Waliuliza maneno manne, wakacheka, wakataka niendelee. Neno geni moja katika ukurasa ni kama mfupa mdogo katika samaki: mtoto huutoa, huendelea kula. Lakini maneno kumi katika ukurasa mmoja ni mifupa mitupu, na mtoto ataiacha sahani. Hiki ndicho kipimo ninachotumia: mtoto asome ukurasa mmoja kwa sauti, na kwa kila neno asilolijua akunje kidole. Vidole vya mkono mmoja vikiisha kabla ya ukurasa kwisha, kitabu hicho hakijafika wakati wake. Kirudishwe kabatini, kimngoje mwaka mwingine.

Swali la pili lilikuwa gumu zaidi. Mama mmoja wa Legio ya Maria, mwenye bidii sana, alisema: "Shule yetu ni ya kikatoliki. Kabati iwe na vitabu vya dini tu. Hadithi nyingine zitawaharibu watoto." Sikumdharau. Kanisa limekuwa na uangalifu juu ya vitabu tangu zamani. Mwaka 1559 Roma ilitoa orodha ya vitabu vilivyokatazwa, na orodha za namna hiyo ziliendelea mpaka mwaka 1966, zilipokoma kuwa sheria. Lakini wajibu wa kupima haukukoma. Uliachwa katika dhamiri ya kila Mkristo. Na kwa kuwa dhamiri ya mtoto ingali changa, sisi wazazi na walimu twapima kwa ajili yake.

Lakini tupime kwa kipimo gani? Mimi nilimkumbuka Mtakatifu Inyasi wa Loyola. Mwaka 1521 alikuwa askari, akavunjwa mguu na risasi ya mzinga katika vita vya Pamplona. Alipokuwa kitandani nyumbani kwao, aliomba vitabu vya mashujaa na mapigano, maana ndivyo alivyovipenda. Havikuwamo nyumbani. Walimpa vile vilivyokuwako: maisha ya Kristo na maisha ya watakatifu. Alivisoma, na maisha yake yakageuka.

Mama yule alifurahi: "Waona, Mwalimu?" Nikamwambia: "Ngoja, mama, habari haijaisha." Inyasi mwenyewe alisimulia jinsi alivyogeuka. Alipowaza mambo ya mashujaa alifurahi sana, lakini mawazo yakipita, moyo ulibaki mkavu. Alipowaza mambo ya watakatifu alifurahi pia, na mawazo yakipita, furaha ilibaki. Hapo ndipo nilipopata kipimo changu: kitabu kikishafungwa, kinaacha nini moyoni mwa mtoto? Tusiridhike na msalaba uliochorwa juu ya jalada. Katika katoni zetu vilikuwamo vijitabu vya dini ambavyo mtoto wa ndani yake hakosi kamwe, hacheki kamwe, wala haogopi kitu. Watoto wetu walivirudisha baada ya kurasa mbili. Havikuacha ubaya, lakini havikuacha kitu chochote.

Kwa kipimo hicho hicho nilikipima kitabu kingine kinachong'aa, Tintin au Congo cha Mbelgiji Hergé. Michoro hiyo ilianza kutoka mwaka 1930 katika nyongeza ya watoto ya gazeti moja la kikatoliki la Brussels, na mkuu wa gazeti hilo alikuwa padri. Basi mwaona kwamba hata muhuri wetu wenyewe hautoshi. Wakongo wa kitabu hicho wana midomo minene, hawawezi kusema sawasawa, nao wamwinamia kijana wa kizungu na mbwa wake. Katika chapa ya kwanza kijana huyo aliwafundisha watoto Wakongo kwamba nchi yao ni Ubelgiji. Kitabu kilipochorwa upya kwa rangi mwaka 1946, somo hilo likawa la hesabu. Somo lilibadilishwa, lakini watoto walioketi darasani walichorwa kwa namna ile ile. Mwaka 2007 Mkongo mmoja alikipeleka kitabu hicho mbele ya sheria huko Brussels, na mwaka 2012 mahakama ilikataa ombi lake.

Mimi si hakimu wa Brussels. Nilichagua kwa ajili ya kabati moja ya Kazimia, nami nilijiuliza: mtoto wetu wa miaka minane akikifunga kitabu hiki, kitabaki nini? Atakuwa amejicheka mwenyewe bila kujua. Sikukichoma. Nilikiweka katika rafu ya walimu, ili kisomwe na watoto wakubwa pamoja na mwalimu, naye awaulize: "Aliyetuchora hivi alituona wapi?"

Vilikuwamo pia vitabu vitano vya mfululizo wa Martine. Mfululizo huo nao ni wa Ubelgiji. Gilbert Delahaye aliandika, Marcel Marlier akachora, kuanzia mwaka 1954, navyo vilifika 60. Martine hana ubaya. Ni mtoto mpole, aendaye shambani, baharini na milimani, na picha zake ni nzuri sana. Lakini nyumba yake haikosi kitu kamwe. Mtoto wetu akisoma kimoja, ataijua nchi ya wengine, na hilo ni jema. Akisoma vitano mfululizo wala hana kingine, ataanza kudhani kwamba maisha ya kuandikwa kitabuni ni yale tu, na kwamba maisha ya mamaye anikaye ndagala mchangani hayastahili kuandikwa. Basi nilibakiza viwili katika kabati ya madarasa ya juu.

Hata hivyo nisiseme vibaya juu ya mfululizo. Una nguvu yake: mtoto akimpenda mtu mmoja wa kitabu, humfuata kutoka kitabu hadi kitabu, na njiani anajifunza kusoma bila kujua. Ila ununuliwe tangu wa kwanza. Sisi tuliletewa cha tatu na cha saba cha hadithi moja inayoendelea, kama mtu aliyepewa viatu viwili vyote vya mguu wa kushoto.

Kwa fedha za wazazi nilipendekeza kwanza Hekaya za Abunuwasi. Hapo mama yule wa Legio alisimama tena: "Huyo ni mwongo na mjanja! Tena ni hadithi za Waislamu!" Ni kweli kwamba Abu Nuwas alikuwa mshairi wa Baghdad, yapata miaka 1,200 iliyopita, na hadithi hizi zilikuja kwetu kwa njia ya pwani. Lakini Waislamu ni jirani zetu, twavua katika ziwa moja. Juu ya ujanja, nilimwomba mama aje darasani asikilize. Nilisoma habari ya sufuria. Abunuwasi aliazima sufuria, akairudisha pamoja na kisufuria kidogo, akasema imezaa. Jirani akapokea kwa furaha. Akaazima tena, asirudishe, akasema imekufa. Nikawauliza watoto: "Nani amekosa?" Mabishano yakawa makubwa. Msichana mmoja akasema: "Jirani, kwa sababu alijua kwamba sufuria haizai, akanyamaza kwa tamaa." Mvulana akajibu: "Wote wawili, maana Abunuwasi ameiba." Wasomaji wapenzi, hapo amri ya saba, ya nane na ya kumi zilifundishwa bila mimi kufungua katekisimu. Mama alitoka akicheka. Kitabu kikanunuliwa.

Cha pili ni Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952. Ni habari ya mtu ambaye nduguze wawili walimtendea hiana, wakageuzwa manyani, naye akaamriwa kuwapiga kila usiku. Huwapiga akilia, kisha huwatunza, mpaka siku ya kusamehewa kwao. Kiswahili chake ni cha juu; mtoto mdogo hawezi kukisoma peke yake. Basi mwalimu akisome kwa sauti, kidogo kidogo, saa ya mwisho ya siku. Katika nchi hii yetu, ambapo majirani wamechomeana nyumba na wengine hawajasalimiana mpaka leo, nataka watoto wakutane na mtu awezaye kulia kwa ajili ya ndugu aliyemkosea. Mwandishi hakuwa Mkristo, lakini kitabu kikifungwa, kinachobaki kinafanana sana na kile tunachokiomba katika Baba Yetu.

Je, vya dini? Vinakuja, tena mbele. Lakini viwe na watu wa kweli, wenye damu na hofu kama sisi. Mwenyeheri Anuarite aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, akatangazwa Mwenyeheri mwaka 1985. Mwenyeheri Floribert Bwana Chui aliuawa Goma mwaka 2007 kwa kukataa rushwa, ili chakula kilichooza kisiingizwe nchini. Alitangazwa Mwenyeheri tarehe 15 Juni 2025. Na hapa hapa kwetu, tarehe 28 Novemba 1964, siku moja, waliuawa Padri Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin huko Baraka, na Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert huko Fizi. Watatu walikuwa wamisionari Wasaveri kutoka Italia. Padri Joubert alikuwa mzaliwa wa upande wa Moba, wa ziwa hili hili. Tarehe 18 Agosti 2024, mjini Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza kuwa Wenyeheri kwa jina la Papa Fransisko. Watoto wetu husikia majina ya Baraka na Fizi kila siku. Katika katoni zile tatu walikuwamo watakatifu wa nchi nyingi, lakini hawa wanne hawakuwamo.

Basi tuliamua kwamba kisichokuwamo tukiandike. Wazee wanaokumbuka mwaka 1964 husimulia, watoto wa darasa la sita huandika katika kaye, mwalimu husahihisha, kisha twashona kwa uzi wa nyavu na kufunika kwa karatasi ya mfuko wa sementi. Tumefanya vivyo hivyo na hadithi za mabibi, kwa Kibembe upande mmoja na Kiswahili upande mwingine. Vitabu hivi havina rangi, lakini ndivyo vinavyochakaa upesi kuliko vyote, na kitabu cha watoto kikichakaa, kimefanya kazi yake. Mtu asiseme kwamba kuandika ni kazi ya wageni. Stefano Kaoze, Mtabwa wa ng'ambo ya kusini ya nchi yetu, aliandika juu ya mawazo ya watu wake na maandishi yake yakachapwa Brussels mwaka 1910 na 1911, kabla hajapewa upadri mwaka 1917.

Kwa wale watakaopewa kazi kama yangu, nashauri mambo machache. Tazameni mgongo wa kitabu: kilichoshonwa huishi, kilichobandikwa kwa gundi huachia kurasa zake katika joto letu. Tazameni herufi: ziwe kubwa, maana madirisha ya madarasa yetu ni madogo. Wekeni kabati mbali na ukuta, mchwa wasipite. Mwandikeni kila aazimaye, lakini msimtishe mtoto mpaka aogope kuazima. Na kabla ya kununua, someni kitabu kwa sauti mbele ya watoto kumi. Wakianza kutazama nje, msikinunue, hata kikisifiwa na watu wakubwa.

Nanyi wazazi, jioni mwambieni mtoto awasomee kidogo, hata kama ninyi wenyewe hamjui kusoma. Yeye atasoma, ninyi mtasikiliza, na mkimaliza mwulizeni: "Kimebaki nini moyoni mwako?" Labda miaka kumi ijayo, Dominika moja katika kikanisa cha pwani, mtoto huyo atasimama mbele ya watu, atafungua barua ya Mtume Paulo, na watu wataielewa. Tumwombe Mungu atujalie kuiona siku hiyo.